Mkunga Mpya Keroka: Sema Unachokifanya

Barua ya kuripoti kazini imeshafika: wodi ya uzazi, Keroka. Pengine umesomea Kisii, Eldoret au Nairobi, leseni ya Baraza la Wauguzi unayo, na mikono yako inaijua kazi. Mwongozo huu hautakufundisha kuzalisha. Unahusu jambo moja ambalo wewe na mama aliyelala kitandani mnaweza kuliona kwa namna mbili zisizokutana: kumjali mama mwenye uchungu ni kufanya nini hasa.

Muulize muuguzi wa leba, naye atakujibu bila kusita kwamba kumjali mama ni kuhakikisha anarudi nyumbani na mtoto wake, wote wakiwa hai. Atakutajia mapigo ya moyo wa mtoto aliyoyasikiliza kila nusu saa, presha aliyoipima, sindano ya oksitosini aliyoivuta mapema ikakaa tayari kwenye trei kabla kichwa hakijatokeza. Kisha muulize mama aliyejifungua usiku uo huo. Atakwambia iwapo sista alimwita kwa jina, iwapo aliambiwa njia imefunguka kiasi gani, iwapo alifokewa. Wote wawili wanasema kweli. Ila sehemu kubwa ya kazi ya muuguzi mama haioni. Alichoona ni mtu aliyekuja, akamgusa tumbo, akaandika kitu, akaenda zake.

Kwa hiyo sema unachokifanya. Kama huna nafasi ya kushika shauri lingine lolote humu, shika hilo.

Sisemi kwamba maneno mazuri yanatosha. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani, Patricia Larson, aliwauliza wagonjwa wa saratani na wauguzi wa saratani ni tabia zipi zinazoonyesha kwamba muuguzi anajali. Wauguzi walitanguliza kusikiliza. Wagonjwa walitanguliza ujuzi: muuguzi ajue kudunga sindano, ajue kutumia vifaa, ajue ni lini amwite daktari. Hao hawakuwa akina mama wa leba, lakini jibu lao linafaa kusikika na kila anayedhani kwamba mama akilalamika anadai kubembelezwa tu. Mgonjwa anataka mtu anayeijua kazi. Na atajuaje kwamba unaijua, ikiwa ujuzi wako wote umefungiwa ndani ya faili?

Hapa jirani, katika Kaunti ya Migori, mtafiti Patience Afulani na wenzake walitengeneza kipimo cha maswali 30 cha kuwauliza akina mama walivyohudumiwa, wakakichapisha mwaka 2017. Maswali hayo yamegawanyika katika mafungu matatu: heshima na utu, mawasiliano na mama kushirikishwa, na msaada anaopewa. Kipimo hicho baadaye kilitumika pia Ghana na India, na kila mahali fungu lililopata alama za chini kabisa lilikuwa lile la mawasiliano. Wahudumu walikuwa wanapima, wanadunga, wanazalisha, hawakuwa wanasema. Habari njema kwako ni kwamba upungufu huo hausubiri bajeti wala jengo jipya.

Sasa tuingie kazini.

Mama wa Keroka huenda akakufikia usiku, nyuma ya bodaboda, kwenye barabara ya udongo iliyolowa mvua, akiwa ameshuka kutoka mashamba ya chai na migomba. Mji wenyewe umekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, na serikali za kaunti hizo mbili zimezozana kwa miaka kuhusu nani atoze ushuru wa soko. Mama mwenye uchungu hana habari na mpaka huo, wala usiwe wewe wa kumkumbusha. Usimpokee kwa kumuuliza ametoka kaunti gani, wala kwa nini amechelewa, wala kwa nini hana kanga za mtoto. Mwambie: “Karibu mama, keti hapa. Mimi ndiye muuguzi wa zamu, naitwa fulani. Uchungu ulianza saa ngapi?” Maneno hayo hayamalizi hata dakika moja.

Kuhusu karatasi: serikali iliondoa ada za kujifungua katika vituo vya umma Juni 2013, mpango wa Linda Mama ukafuata mwaka 2016, na tangu Oktoba 2024 mambo ya bima yamehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mabadiliko hayo yamewachanganya watu wengi, na wapo watakaofika bila kujisajili. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mpokee mama kwanza, mpime kwanza, usajili utafanywa na jamaa aliyemleta au utafanywa kesho.

Kupima njia ndipo pahali ambapo akina mama huumia kimyakimya, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Vuta pazia. Kama hakuna pazia, simamisha kiwambo, na kama hakuna kiwambo mwombe mwenzako ashike leso. Vaa glavu mbele yake, ukimweleza: “Mama, nataka kukupima njia nijue mtoto amefikia wapi. Utahisi vidole viwili, na kidogo kutabana. Ukiniambia ngoja, nitangoja.” Kisha ngoja kweli. Usiingize vidole katikati ya uchungu, acha upite. Ukimaliza, mfunike kabla hujageuka kwenda kuandika, halafu mwambie ulichokikuta kwa lugha anayoijua: “Imefika sentimita 6. Unaendelea vizuri. Nitakupima tena baada ya saa 4, ila mapigo ya mtoto nitakuja kuyasikiliza kila nusu saa.” Sasa anajua ukija tena unafuata nini. Anajua pia kwamba ukiondoka hujamtupa. Na ukimsikilizisha mapigo ya mtoto wake kwa ile mashine ndogo yenye sauti, utaona mabega yake yanavyoshuka.

Mabega kushuka si jambo dogo. Mama mwenye hofu hutoa adrenalini nyingi, na homoni hiyo hupingana na oksitosini inayofanya mji wa uzazi ukaze. Ukimtisha mama, uchungu unaweza kupungua kasi. Ukimtuliza, mwili wake unaifanya kazi uliyokuwa karibu kuifanya kwa dripu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema upole ni wa siku ambazo wodi haina watu. Upole uko pamoja na dawa kwenye ile trei.

Wapo watakaokwambia usijisumbue kueleza kwa sababu mama hataelewa. Wengi wa akina mama hawa wanasikia Kiswahili, ila katika kilele cha uchungu mtu hurudi kwenye lugha ya nyumbani. Kama huzungumzi Ekegusii, jifunze angalau salamu, na ujue mapema kwamba mama anayelia “Baba!” anamwita mama yake mzazi, maana ndivyo neno lilivyo kwa Wagusii. Muuguzi mgeni anaweza kwenda nje kumtafuta mzee.

Hilo linatuleta kwa wanaomsindikiza. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama awe na mtu anayemtaka yeye mwenyewe pembeni yake muda wote wa uchungu. Sababu zipo: mama mwenye msaidizi asiyemwacha huelekea kuwa na uchungu mfupi zaidi, na uwezekano wa kupasuliwa hupungua. Hospitali nyingi bado humfukuza msaidizi mlangoni kwa kisingizio cha nafasi. Wewe mruhusu, mpe kiti, mweleze kazi yake: kumsugua mama kiuno, kumpa maji, kumtembeza, kukuita akiona damu. Zamu ya usiku ikiwa na muuguzi mmoja na akina mama watatu, huyo ndiye jozi ya pili ya macho uliyopewa bure.

Lakini angalia neno “anayemtaka”. Kwa Wagusii kuna adabu inayoitwa chinsoni, inayoweka umbali wa heshima kati ya wazazi na watoto wao, pamoja na wakwe, katika mambo ya mwili. Mama mkwe aliyelipa bodaboda na kubeba thamosi ya uji anaweza kuwa ndiye mtu wa mwisho ambaye msichana huyo angependa amwone akiwa amepanua miguu. Hatakwambia mbele yake. Muulize mkiwa wawili: “Nani ungependa akae na wewe?” Kama si mama mkwe, jukumu la kulisema ni lako, na kwa heshima: “Mama, asante kwa kumleta mwanetu. Hebu tusaidie hapa nje, tutakuita mtoto akija.” Hivyo lawama haitamwangukia msichana. Mume naye asidhaniwe kuwa hataki, wala asilazimishwe.

Sasa lile zito. Mtoto anakuja, mama amechoka, anafunga mapaja, anasema hawezi. Wauguzi wengi hapa ndipo wanapofoka, na wengine hupiga paja kwa kofi. Wahudumu wa afya waliohojiwa na watafiti Migori walieleza jambo hili waziwazi: hutokea, na sababu walizotaja ni uchovu, kazi nyingi, na imani kwamba bila ukali mama hatasukuma na mtoto atafia njiani. Sidhani wanasema uongo. Wengi wanaopiga wanaamini wanaokoa mtoto, nao huliita hilo kujali. Katika utafiti wa mradi wa Heshima, uliofanywa katika vituo 13 nchini Kenya na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, mama mmoja kati ya watano alisema alidhalilishwa kwa namna fulani alipokuwa akijifungua.

Kofi haliongezi nguvu za mji wa uzazi hata chembe. Mama anayefunga mapaja anaogopa, au anaumia, au hajapata hamu ya kusukuma. Angalia kwanza kama kibofu kimejaa. Mkojo peke yake unaweza kuzuia kichwa kushuka. Hakikisha njia imefunguka yote, maana wapo wanaoamrishwa kusukuma kabla ya wakati wakaishiwa nguvu. Mgeuze: alale ubavu, achuchumae, apige magoti akishikilia kitanda. Kulala chali miguu juu kunakufaa wewe kuliko kunavyomfaa yeye, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unampa mama nafasi ya kuchagua mkao. Mpe maji ya sukari. Ongea naye usoni, sauti ya chini, sentensi fupi: “Nitazame mimi. Huu uchungu ukija, vuta pumzi, halafu sukuma kuelekea chini. Vizuri. Pumzika sasa.” Sikiliza moyo wa mtoto kila baada ya dakika 5. Moyo ukishuka na usipande, hapo si suala la mama kuwa mkaidi tena, ni suala la kuita msaada, na hata katika dakika hiyo mwambie: “Mtoto amechoka, tunahitaji kumtoa haraka, nisaidie.” Mama aliyeelezwa hivyo hupata nguvu zilizokuwa zimemkimbia.

Usidhani jambo hili linaishia kwenye dhamiri. Mwezi Agosti 2013, katika hospitali ya rufaa ya Bungoma, mama mmoja alijifungua sakafuni kwa kukosa kitanda, akapigwa na kutukanwa na wauguzi, na video yake ikaonekana nchi nzima. Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki yake ya utu na ya afya ilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi. Ukiisoma hukumu hiyo utaona kwamba serikali pia ilibebeshwa mzigo wake: kwa kutotenga fedha za kutosha, kwa kutosimamia. Wauguzi wanaolalamika kwamba wanabebeshwa peke yao makosa ya mfumo wana hoja. Lakini kitanda kukosekana ni kosa la kaunti. Kofi lina mkono wake.

Kuna jambo lingine utakaloliona ukipima njia Keroka, na ni heri ujiandae. Akina mama wengi wa Kisii na Nyamira wamekeketwa. Uso wako usibadilike. Usiulize ni nani aliyemfanyia, usimwite mwenzako aje kutazama. Angalia kama pana kovu linaloweza kuchanika, lilinde unapokitoa kichwa, liandike kwenye faili kwa maneno ya kitabibu, basi. Na kwa kuwa katika eneo hili ukeketaji umehamia mikononi mwa baadhi ya wahudumu wa afya, iko siku utafuatwa na familia yenye heshima zake, ukiombwa umfanyie binti kwa siri na kwa usafi. Sheria ya mwaka 2011 imeharamisha kitendo hicho hata kikifanywa na daktari, na kifungo chake si chini ya miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Kataa, kisha zungumza na mama wa binti huyo. Mkunga aliyemzalisha ni mmoja wa watu wachache atakaowasikiliza.

Mtoto akishatoka, usikimbilie mizani. Keroka ni nyanda za juu na usiku wake ni wa baridi kali. Mpanguse, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili blanketi moja. Mdunge mama oksitosini yuniti 10 ukimwambia ni ya kuzuia damu, kwa sababu mama asiyeambiwa atasimulia kijijini kwamba alidungwa kitu asichokijua. Kitovu kikatwe baada ya dakika 1 hadi 3. Ukimshona msamba, tumia ganzi, na umwonyeshe kwamba umeitumia. Kisha katika saa ya kwanza rudi kila robo saa kushika tumbo uone kama mji wa uzazi umekaza na kutazama damu, maana kutokwa damu ndiko kunakowaua akina mama wengi, na kunaua kimyakimya chini ya shuka. Mwambie na msaidizi: “Pedi ikilowa mara moja, niite, hata kama nimelala mezani.”

Wapo watakaotoka bila mtoto. Mtoto akizaliwa mfu, wodi nyingi hunyamaza: mwili hufungwa, hupelekwa, na mama huwekwa kitanda kilicho kati ya wanaonyonyesha. Muuguzi wa Marekani, Kristen Swanson, ambaye nadharia yake ya kujali ilianzia kwa wanawake walioharibikiwa na mimba, alitaja mwaka 1991 mambo matano: kumfahamu mtu, kuwa pamoja naye, kumtendea, kumwezesha, na kumtunzia imani kwamba atavuka. La pili, kuwa pamoja naye, ndilo linalokimbiwa. Mwambie ukweli mapema na waziwazi. Muulize kama anataka kumwona mtoto, kumshika, kumpa jina. Wengine watataka, wengine hawatataka, na hakuna aliyekosea. Mtafutie kitanda mbali na vilio vya vichanga. Mwelekeze kuhusu maziwa yatakayokuja siku ya tatu, kwa sababu asipoelezwa, maziwa hayo yatamvunja upya akiwa nyumbani.

Ukimpa mama rufaa kwenda Kisii au Nyamira, usimwambie tu “gari linakuja”. Mweleze kwa nini anahamishwa, mpigie simu muuguzi wa kule, andika barua inayosomeka, na kama zamu inaruhusu panda naye kwenye ambulensi.

Nimekudai mengi. Najua huenda uko peke yako na vitanda vimejaa, mshahara umechelewa, na tangu jioni hujatia kitu kinywani. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti nchini waligoma kwa takriban miezi 5 kwa madai ya mishahara na mazingira ya kazi, na wanawake wengi walijifungua nyumbani kipindi hicho. Hata hivyo, katika miaka michache tumetoka mbali: mwaka 2014 watoto 61 kati ya kila 100 walizaliwa kituoni, mwaka 2022 walikuwa 82. Akina mama wameitikia wito. Waliokuwa wa kuwapokea hawakuongezeka kwa kiasi hicho. Uchovu wako si tabia mbaya, na usiache ukageuka kuwa tabia. Ukihisi hasira inapanda, mwachie mwenzako uchungu mmoja, toka nje, nawa uso, rudi. Baada ya kifo cha mama au mtoto, kaeni pamoja dakika 10 mzungumze kabla ya kukabidhiana zamu. Na anapofoka mwenzako, usinyamaze kwa sababu ya undugu wa kazi. Mwambie pembeni, siku hiyohiyo.

Nawe msomaji usiye muuguzi, ambaye binti au mke wako atajifungulia Keroka, kaunti zote mbili hulazimika kisheria kusikiliza maoni ya umma kabla ya kupitisha bajeti. Nenda kwenye ukuta wa ofisi ya wadi uangalie tarehe ya kikao, hudhuria, na usiombe jengo jipya la kuzinduliwa kwa utepe. Omba muuguzi wa pili wa zamu ya usiku, na pazia kwa kila kitanda cha leba.